Kibao cha ghorofa kikishawekwa, bado mnaweza kupinga?

Dada uliyeuliza kama mmechelewa kupinga ghorofa ya jirani kwa kuwa kibao cha mradi kishatundikwa kwenye mabati: hamjachelewa, ila harakisheni. Yalitupata sisi hapa Pwani ya Kenya.

Kabla ya kibao alipita kijana na fomu. Nyumba kwa nyumba, adabu tele: "Mama, nitilie sahihi hapa tu, ionekane nimefika." Mama mkwe wangu akatia, hata miwani hakuvaa. Miezi baadaye naifunua ripoti ya athari za mazingira, jina lake limo katika majirani wasio na pingamizi. Na kisima tunachoteka sote kiko hatua chache tu kutoka walipochora shimo la choo! Mtaa wetu hauna bomba la maji taka, kila nyumba na shimo lake. Ghorofa 9 za watu kwenye shimo moja, hesabu fanya mwenyewe.

Kibao chenyewe kilikuwa nyuma ya rundo la mchanga, Kiingereza kitupu, siku 14 za kupeleka pingamizi. Tulikiona siku ya 11.

Wengi humu husema sheria haipo. Ipo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwenye mradi autangaze, na wananchi waalikwe kupeleka pingamizi kaunti. Kinachoniuma ni kifungu kingine humo humo: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa ameruhusiwa. Yaani afisa akililalia faili, jengo linapanda, na hakuna aliyeidhinisha wa kuulizwa. Siku sheria hiyo ikirekebishwa, mimi ningeanzia hapo: kimya kiwe ni kukataliwa. Kisha kibao kiwe cha Kiswahili, na ile fomu isomwe kwa sauti mbele ya majirani. Mikutano ya maoni ya kupewa soda na nauli tu tumeichoka.

Nyinyi sasa pigeni picha kibao leo leo, tarehe ionekane. Andikeni barua moja yenye sahihi na nambari za ploti, mtaje jambo moja au mawili yanayopimika: shimo liko mita ngapi kutoka kisimani, barabara ina upana gani, magari yataegeshwa wapi. "Hatutaki ghorofa" haifiki mbali. Nakala ziwe mbili, moja igongwe muhuri mkiwa mmesimama pale pale. Kaunti ikishaamua, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati yake ya mipango. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo hupingwa mbele ya baraza la kusikiliza kesi za mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60.

Sisi ghorofa hatukuizuia. Imesimama, na chumba changu hakioni jua baada ya saa tisa. Lakini shimo lilihamishiwa upande wa barabara, na kisima bado tunateka. Mama mkwe siku hizi hatii sahihi hata ya risiti ya gesi mpaka aletewe miwani.