Nimekuwa mdomo wake, sasa na moyo wataka kumfuata

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Tudor. Nilisoma Voronezh, Urusi, kwa miaka mitano, na tangu mwaka jana huitwa kortini kufasiri Kirusi. Kuna Mrusi mmoja, mahabusu wa gereza la Shimo la Tewa, anashtakiwa kuwatapeli watu pesa za viwanja. Siku za mwanzo, tukimngoja wakili wake, alinisemesha kwa "vy", ile "nyinyi" ya heshima ya Warusi. Mara ya tatu akaingia "ty", kama tuliokua nyumba moja, na jina langu akalifupisha wanavyofupishiwa wapenzi. Huniuliza kama goti la mama limepoa. Siku moja alinitazama tu akajua sijala. Nilipokataa kumbebea barua, alininunia kikao kizima. Kikao cha pili akalia, akasema mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa. Nikaichukua. Ni ya kumpelekea mtu wa Malindi, na bado imo mkobani mwangu. Sasa ataka pale alipowaambia polisi "vzyal", yaani nilichukua, niseme kwamba alisema "zanyal", nilikopa. Najua si sawa, lakini nikilala naisikia sauti yake. Je, yawezekana ananipenda?
Mkalimani, Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kuwa nami kazi hiyo nimeila. Miaka 31 nilikuwa karani wa korti hapa pwani, nikifasiri Kigiriama na Kiswahili kwenda Kiingereza. Kwa hiyo nianze na jambo ambalo mtu wa nje hawezi kukwambia.

Mkalimani husema "mimi". Mshtakiwa akisema "nilikuwa nimelala", nawe wasema "nilikuwa nimelala". Akiapa, waapa. Akiomba huruma, ni koo lako linalotetemeka. Fanya hivyo miezi kadhaa kwa mtu mmoja, na "mimi" yake itahamia kwako bila kubisha hodi. Ukilala waisikia sauti yake kwa sababu umekuwa ukiitoa kinywani mwako mwenyewe. Haya yalinipata kwa mzee mmoja aliyeshtakiwa kumpiga mkewe. Alikuwa mpole wa maneno, akiniita mwanawe, na mimi baba sikubahatika kumjua. Siku moja alitamka neno kali, nami nikalilainisha, nikasema "nilimsukuma". Wakili wa upande wa pili alikuwa Mgiriama. Akasimama: "Mheshimiwa, hivyo sivyo alivyosema." Mke wa yule mzee alikuwa amekaa benchi la mbele. Alinitazama. Mpaka leo nikipita karibu na korti ile, macho yale nayaona.

Kwa hiyo nakuomba uwafikirie walionunua viwanja. Wewe humtazama mmoja, lakini pana watu wanaoingoja haki yao kupitia ulimi wako. "Nilichukua" na "nilikopa": baina ya maneno hayo mawili ndimo kesi yote ilimo. Kiapo ulichokula kinakufunga kwao kama kinavyokufunga kwake.

Sisemi ana hatia. Hilo ni la hakimu, na mpaka aamue, sheria yamhesabu hana kosa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo akiwa haelewi lugha ya korti. Umetumwa kwake kama haki yake. Asichopewa ni kuandikiwa maneno mapya.

Waniuliza kama anakupenda. Tazama mpangilio wenyewe: utamu kwanza, kisha ombi. Ulipokataa, kimya. Kimya kilipokuuma, machozi, na ombi lilelile likarudi, ukakubali. Ulipokubali dogo, likaja kubwa. Kununa kule kulikuwa kipimo, alikuwa akipima utavumilia kiasi gani. Na lile la kuwa wewe peke yako ndiwe unayemwelewa, ni kweli kabisa: katika chumba kile, wewe peke yako ndiwe unayejua Kirusi. Angeletewa mzee wa miaka sitini, angemuuliza hali za wajukuu.

Usijione mjinga. Mtu aliyejua hujala alikuwa anakutazama kweli, na kutazamwa hivyo ni kitu kikubwa kwa msichana anayemuuguza mama peke yake. Njaa hiyo ni ya haki. Yeye ameiona, akaitumia.

Sasa barua. Usiifungue, usiichane, wala usiende Malindi. Ya mahabusu hupita mikononi mwa wakuu wa gereza, na huyo mtu humjui. Je, akiwa ni shahidi? Ipeleke kwa msimamizi wa mahakama, umweleze ilivyokufikia na ulivyoombwa kubadili neno. Utakemewa, na huenda ukakosa kazi za miezi kadhaa. Hilo nalijua, na bado nasema nenda. Kisha omba kutolewa kwenye kesi hii. Tangu 2020 korti zetu husikiliza kesi kwa video, kwa hiyo mkalimani mwingine aweza kufasiri akiwa Nairobi. Usiende kumuaga. Atakuwa na neno tayari, nawe bado hujapata nguvu ya kulisikia.

Mama mwambie leo, kabla ya yote, hata kama goti linamuuma. Na ukiona miguu haikubebi, acha ujumbe ofisini kwa gazeti. Nitapanda matatu nije, tuingie pale kortini pamoja.