Muulize Fundi Gia: Tumefika Antwerp, Sasa Pikipiki Zirudi Vipi?

Fundi shikamoo. Mimi na mke wangu tulitoka Nairobi miezi kumi iliyopita na pikipiki mbili, mimi na Royal Enfield Himalayan, yeye Honda CRF250L, tukashuka hadi Cape Agulhas, tukapanda na upande wa magharibi, Namibia, Angola, mpaka Morocco, tukavuka na feri kutoka Tangier na sasa tuko Antwerp. Kurudi kwa kuendesha haiwezekani, pesa zimekata, na ile njia ya Sudan tangu vita vianze 2023 si ya kupita. Viza imebaki siku 19. Jamaa mmoja ametupa bei ya meli mpaka Mombasa, euro 95 kwa kila mita moja ya ujazo, tuichukue au tuangalie ndege? Mke wangu anasema yeye auze yake huku huku tupunguze mzigo. Alafu kitabu chetu cha carnet, kile cha kupitisha chombo mipakani bila kulipa ushuru, kina ukurasa mmoja hauna muhuri wa kutoka, tulivuka usiku na afisa akasema nendeni tu.
*Baba Zawadi, Antwerp*

Marahaba Baba Zawadi, na Mama Zawadi mpe heshima zake, kuizunguka Afrika na 250 si mchezo. Wazee wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sasa nyinyi ndo mko ngamani, na huku chini ndo kuna maji.

Tuanze na hiyo euro 95. Pikipiki zenu mbili zikifungwa vizuri ni kama mita 3 na nusu za ujazo, kwa hiyo jumla haifiki hata euro 350 kutoka Ubelgiji mpaka Mombasa. Hiyo si bei ndugu yangu, hiyo ni chambo. Kwenye kontena za kuchangia mzigo, wale wa upande wa kutuma wanagombania wateja kwa nauli ya chini, pesa yao wanakuja kuitafuta upande wa kupokea kupitia mwenzao aliye bandarini: ada ya kufungua kontena, ada ya kushusha, ya karatasi ya kuruhusu mzigo, ya ghala, ya hiki na kile. Na wewe hapo huna pa kwenda kwa sababu mzigo uko mikononi mwao na BL, ile hati ya mzigo wa meli, wameitoa wao, huwezi kusema basi naenda kwa jirani.

Nayasema haya na kovu ninalo. Mimi niliwahi kutuma pikipiki kutoka Durban kuja Mombasa, nauli ya meli ilikuwa chini ya nilicholipa gesti wiki ile, nikajiona mjanja kweli kweli nikawaambia na jamaa zangu. Pikipiki ikafika Kilindini, nikaletewa karatasi ya gharama ina mistari kumi na moja, jumla yake zaidi ya mara tatu ya nauli. Bado hatujaisha. Ndani ya lile kontena kulikuwa na mtu katuma friji, na ndani ya friji kaficha spea ambazo hazimo kwenye orodha, forodha wakaligundua wakalishikilia kontena zima. Sanduku langu halina kosa lolote ila limelala kontena moja na mwizi wa ushuru, na storeji inahesabu siku kwa wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Huyo wa friji mpaka leo sijamjua sura.

Kwa hiyo jamaa wa euro 95 mwandikie swali moja tu kwa barua pepe: nipe bei yote mpaka pikipiki inatoka geti la ghala Mombasa, ukiondoa ushuru wa serikali, na uorodheshe kila ada. Akizunguka zunguka, ati inategemea, tutajua mzigo ukifika, achana naye. Na kabla hujamjibu tafuta ajenti wako mwenyewe Mombasa umuonyeshe hiyo kotesheni, wao wanazijua hizi ada kama wanavyojua majina ya watoto wao, atakwambia hapa umepigwa hapa ni sawa. Huyo wa euro 95 muulize pia wenzako kwenye hilo kontena wanatuma nini. Kontena la vifaa vya kiwanda si sawa na kontena la vitanda, TV na magunia ya nguo za watu ishirini, ingawa la watu ishirini huwa la bei rahisi zaidi, ndo hapo wengi tunanaswa.

Ndege nayo usiifute kabla hujapiga hesabu. Yale maua ya Naivasha yanapanda ndege za mizigo kila siku kwenda Amsterdam na Liège, na Liège hapo kwenu ni mwendo wa saa moja na kitu. Hizo ndege lazima zirudi, na kurudi kuja kusini hazijai kama zinavyojaa kwenda, ulizia bei ya Liège na ya Amsterdam zote mbili. Lakini ndege haipimi kilo peke yake, inapima na nafasi: chukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000, ukipata namba kubwa kuliko uzito wa mizani basi utalipia hiyo kubwa. Himalayan ukiisukuma nzima nzima kwenye sanduku la 225 kwa 95 kwa 140 unalipia kilo 499, wakati yenyewe na mbao zake haifiki hata 300! Toa tairi la mbele, shusha usukani, ondoa kioo cha upepo na vioo vya pembeni, maboksi toa kabisa, sanduku linarudi 200 kwa 80 kwa 110, hapo ni kilo 293. Umeokoa kilo 206 kwa spana mbili na saa tatu za jasho. Na kwenye meli vile vile, kutoka mita 3 kasoro kidogo za ujazo mpaka 1.76. Hata mkiamua meli, muulize msafirishaji kama zote mbili zinaweza kukaa palleti moja zimelala mzungu wa nne, usukani wa moja upande wa mkia wa nyingine, zinabanana vizuri sana.

Mbao za sanduku ziwe na ule muhuri wa alama ya suke la ngano na herufi HT, maana yake zimepashwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu. Usiokote mbao za bure nyuma ya duka ukajipigilia, zikifika bila muhuri unaweza kuambiwa zifukizwe kwa pesa yako. Duka la pikipiki likikupa kreti tupu iliyoleta pikipiki mpya kutoka India au Japani, hiyo mara nyingi ni ya chuma, chukua ukimbie. Petroli mwaga karibu yote, waya za betri toa na ncha zake zifunge na tepu, na ule mtungi wenu wa gesi wa kupikia chai, spreyi ya cheni na pawabenki visionekane humo ndani kabisa. Shokapu msizikandamize mpaka mwisho mkiifunga mikanda, wiki nyingi vile na sili zinaanza kuvuja mafuta.

Mimi ningekuwa nyinyi, pesa zimekata na hakuna anayewasubiri kazini na pikipiki, ningeziweka zote mbili kwenye meli kwa mtu aliyezoea pikipiki, nikahesabu miezi miwili na zaidi kwa roho safi. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za Ulaya zimekuwa zikiikwepa Bahari Nyekundu na kuzunguka Cape kule kusini mwa Afrika, yaani pikipiki zenu huenda zikapita tena pale Cape Agulhas mlipofika, mara hii zimelala. Siku 19 za viza zinatosha, nyinyi si lazima muwepo meli ikiondoka, ila msipande ndege kabla hamjashika karatasi ya kupokelewa kwa mzigo na kabla ajenti wa huko mnakotumia hajawasilisha ile taarifa ya forodha kuwa chombo kinatoka Ulaya.

Kuuza Honda ya Mama Zawadi huko, hapana. Pikipiki ya Kenya iko Ulaya kama mgeni, inaruhusiwa miezi 6 bila ushuru kwa sharti itoke. Ukiiuza unatakiwa uilipie ushuru na VAT kwanza, mnunuzi naye aanze vita ya kuisajili, na carnet yake itakuwa inauliza mbona chombo hakijarudi nyumbani. Dhamana mliyoweka AA Kenya, wale chama cha wenye magari waliowapa carnet, itakaa huko huko.

Na hiyo carnet ndo iliyonikosesha usingizi kuliko meli. Kila ukurasa mnajua una vipande, kile kinachobaki kitabuni kinatakiwa kiwe na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Wa kutoka ukikosekana, nchi ile kwa macho yake pikipiki bado iko kwao mmeiuza kimya kimya, na inaweza kuidai AA ushuru wote, nayo AA itageukia dhamana yenu. Kurudi mpakani hamuwezi, basi fanyeni hivi: waandikieni AA leo, si mkifika, leo, muwaeleze mpaka gani na tarehe gani, mtume picha ya muhuri wa nchi iliyofuata, maana chombo hakiwezi kuwa nchi mbili. Pikipiki zikifika Mombasa, kabla ya shamrashamra ombeni forodha wazikague namba za chasisi na injini wathibitishe kwa maandishi kuwa ziko Kenya, ile hati ndo huwa inazima kesi. Carnet kuisha mwaka wake pikipiki zikiwa baharini si tatizo, mradi kurasa zote zimefungwa.

Hiyo hati pamoja na logbook na karatasi yoyote mliyopewa Namanga mkitoka ndo itasema hizi ni mali za Kenya zinarudi, si mtumba mpya wa kutozwa ushuru upya. Jina kwenye BL liwe lile lile la logbook na pasipoti, herufi kwa herufi. Kama Honda iko kwa jina la Mama Zawadi basi BL yake iwe ya kwake, usijifanye baba mwenye nyumba ukaziweka zote kwa jina lako, Kilindini hawajui mambo ya ndoa.

---

Fundi habari. Niko Muscat mwaka wa nane, nina pikipiki yangu ya plate ya Oman nimezunguka nayo Ghuba yote, sasa narudi Zanzibar moja kwa moja. Nikate carnet?
*Mpemba wa Ruwi*

Njema mzee. Hapana, carnet ni ya chombo kinachoenda kutembea na kurudi, wewe unahama. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa anayehamia nyumbani nafasi ya kuingiza chombo kimoja cha moto bila ushuru, akiwa amekimiliki na kukitumia mwenyewe huko nje si chini ya miezi 12, na siku za safari ya meli hazihesabiwi. Kwa hiyo mulkiya zote za nyuma, yaani kadi za usajili, zenye jina lako usitupe hata moja, na mkataba wa kazi na viza za ukaazi weka pamoja. Waandikie TRA Zanzibar kabla hujapigilia msumari wa kwanza, uwe na jibu lao mkononi, sio uje kubishana bandari ya Malindi na wapagazi wanasikiliza. Usajili wa Oman ufute kwanza kwa polisi wa ROP uchukue hati ya kusafirisha nje, na ujue meli za mizigo zilihamishiwa Sohar tangu 2014, sio pale Mutrah unapopunga upepo.

---

Bima ya nini Fundi, si meli ina bima yake?
*Asiyetaka Kuibiwa, Tanga*

Meli ina bima ya meli. Wakumbuka ile meli ya kontena Ever Given ilivyokwama mfereji wa Suez Machi 2021? Siku sita tu, lakini mwenye meli akatangaza ile kanuni ya zamani sana ya baharini kuwa gharama za kuiokoa meli wanachangia wote wenye mali ndani yake, hata kama mali yako haikuguswa na tone la maji. Ikashikiliwa Misri mpaka Julai, na watu wakatakiwa watoe dhamana ndo wapewe vitu vyao. Mwenye bima ya mzigo, kampuni yake inatoa hiyo dhamana, asiye nayo anatoa mfukoni. Ila soma vizuri, bima nyingi za chombo kilichotumika zinalipa kikipotea chote tu, mkwaruzo wa tangi hazitaki kuusikia. Na kabla kreti haijafungwa piga picha kila upande, namba ya chasisi, na dashibodi ikionyesha kilomita, taa ikiwaka, maana betri ukishaichomoa hiyo namba huioni tena mpaka Mombasa.