Maswali ya wasomaji: Nahodha anatawala jahazi kwa Kizungu?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi kijana wa Langoni hapa Lamu, nina miaka 9 naendesha jahazi la wageni, nawapeleka Manda, Matondoni, mpaka Kipungani, na mabaharia 2 chini yangu. Juzi niliomba kazi kwa hoteli moja, nikaandika I rule a boat and I control two men, manake kwenye apu ya simu nilitia "kuongoza" ikanipa rule, govern, control, command, manage, ikasema yote maana moja, basi nikachukua yale mafupi. Yule bibi wa ofisini akasoma mbele za watu akacheka, akaniuliza wewe ni sultani wa wapi. Niliona haya mwalimu. Kwani haya yote si kutawala tu?
Nahodha, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza pole, na aliyekucheka hakufanya vyema, mtu anayejitahidi na lugha ya wenyewe husahihishwa pembeni. Kosa lenyewe nalijua sana, miaka yote nasahihisha insha za watoto na hili ndo linanirudia kuliko yote, mtoto amehifadhi orodha ya maneno kama mtu aliyehifadhi majina ya samaki na hajawahi kwenda sokoni, tafi, changu, kolekole, wote samaki ni kweli, lakini mama akikutuma kolekole ukamletea tafi utarudishwa nao.

Tuanze na govern, manake hili lilikuwa la kwenu mabaharia. Wagiriki wa kale walikuwa na neno kybernan, maana yake kushika usukani wa chombo, Warumi wakalichukua likawa gubernare, likapita kwa Wafaransa mpaka likafika Uingereza. Yaani govern wa kwanza alikuwa mtu amekaa tezini kama wewe, mkono kwenye kana, macho kwenye tanga. Hata hawa magavana wetu tulioanza kuwachagua 2013, baada ya katiba ya 2010, jina lao limetoka kwenye usukani huo huo. Mimi nikilifikiria hili nafurahi kila mara, maana sisi pia tunasema fulani kashika usukani wa nchi, na hatukufundishwa na Mgiriki.

Lakini sasa neno limepanda nchi kavu halikurudi tena. Muingereza wa leo hasemi I govern a boat. Kinachokuwa governed ni nchi, kaunti, watu wa mahali wanaoongozwa kwa sheria na ofisi, au sheria yenyewe ndo inafanya hiyo kazi, the law governs fishing, yaani mambo ya uvuvi yanafuata sheria hiyo. Jahazi lako wewe una steer ukiwa kwenye usukani, na una skipper ukiwa ndo nahodha wake.

Rule ni nyingine. Ile rula ya mtoto wa shule ndo asili yake, Warumi waliita regula, kijiti cha kunyooshea. Mwenye ku-rule neno lake ndo mstari, wengine wote wanajipanga hapo, ndo maana linakwenda na masultani na wafalme, na mara nyingi linafuatwa na over, the sultan ruled over the coast. Jaji naye ana-rule, lakini kwake ni kutoa uamuzi kortini, the court ruled that. Sasa wewe ukisema I rule a boat msomaji anaona kiti cha enzi na wale mabaharia wako wawili ni raia. Na usilichanganye na reign, hilo ni kukaa kitini tu, hata kama nchi inaendeshwa na wengine. Elizabeth wa Pili alianza ku-reign Februari 1952 akiwa hapa kwetu Kenya, kule Treetops msitu wa Aberdare, usiku baba yake alipofariki, akakaa miaka 70 mpaka 2022, na miaka yote hiyo waliokuwa wakiendesha serikali ni mawaziri wakuu. Reigned ndio, governed hapana.

Control lilitoka kwa makarani. Zamani hesabu iliandikwa kwenye karatasi ya kukunja, alafu mwengine anaandika nakala yake pembeni ya kulinganishia asije mtu akaiba, hiyo nakala ndo iliyozaa control. Kwa hivo ni neno la kushika kitu kisiponyoke, bei, matumizi, moto, ugonjwa, gari, kwetu ni kudhibiti. Kusi likikupiga pale mlango wa Shela ukalizuia jahazi lisipinduke, andika I kept control of the boat, hapo ni sifa kubwa na ni haki yako. Ila ukilitia kwa watu, I control two men, msomaji anaona umewafunga kamba.

Neno lako ni manage. Hili lilianzia Italia, mkono wao ni mano, na maneggiare ni kufundisha farasi kwa mkono. Sisi farasi hatuna lakini nenda pale vichochoroni Mkomani asubuhi utazame kijana na punda aliyebeba mifuko ya saruji, kwenye kona kali hamvuti wala hampigi, anamgusa shingo kidogo na kumwita, punda anajipinda mwenyewe na mzigo haugusi ukuta. Ndo manage hiyo, kusimamia kwa mkono unaojua. (Na siasa, hili letu lililotoka Uarabuni, nalo asili yake ni kutunza farasi, Mtaliano na Mwarabu wamekutana zizini.) Andika hivi: I have skippered a dhow for nine years and I manage a crew of two. Command liache, hilo ni la jeshi na manowari. Barua ipeleke tena, kwa hoteli hiyo au nyengine.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Binti yangu wa fomu ya pili kaandika I decided my brother to go to Malindi, akatiwa kosa. Nimetazama sioni kosa liko wapi.
Mama wa Mkomani

JIBU: Marahaba mama. Decide kwa Kilatini ni kukata, sawasawa na sisi tunavyosema kukata shauri, na shauri unalikata la kwako, mtu hakatwi. I decided to go, sawa. Ikiwa yeye ndo kamwamulia kaka yake, aseme I decided that my brother should go. Wakiwa wawili wanagombana na wazee wakawapatanisha, hapo ni settle. Na akikutana na determine ajue ndani yake mna mpaka, kama bikoni za shamba, daktari ana-determine ugonjwa ni upi, hachagui, anatafuta mpaka afike kwenye ukweli.

SWALI: Dictate ni kutawala au ni kuandika? Mwalimu wetu anasema vyote. Na kwa nini controlled inaandikwa l mbili na governed n moja?
Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Vyote, na usishangae, maana Kiswahili kinafanya hivo hivo. Mwalimu akisoma nyinyi mkaandika neno kwa neno ni imla, na mtawala anayesema yeye tu wengine wafuate, utawala wake tunauita wa kiimla. Picha ni moja, mmoja anasema, wengine kalamu mkononi hawaongezi wala hawapunguzi. Na kwa kuwa umeuliza tahajia pia, controlled ni l mbili kwa sababu sauti inapanda mwisho wa neno, governed n ni moja, sauti yake iko mwanzo.