Maharage ya Jumapili

Kwa miaka mitatu chakula changu cha jioni kilikuwa chipsi. Nafanya kazi katikati ya Kampala na kulala Bweyogerere, na anayeijua Barabara ya Jinja jioni anajua foleni yake. Nilikuwa nashuka kwenye teksi, yaani matatu, saa mbili usiku, tumbo linanguruma, na pale kituoni makarai ya mafuta yanachemka. Chipsi na kipande cha kuku, shilingi 10,000, vinatiwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, vikiwa vya moto, nakula huku natembea. Siku za kubana matumizi nilikula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai.

Rolex siigombezi. Mayai, nyanya, kabichi na chapati ni chakula, na hadi leo nainunua asubuhi nikichelewa. Kilichoniumiza ni ile kila siku. Mshahara ulikuwa hauvuki tarehe 20, na kiungulia kiliniamsha usiku. Mafuta yale hukaanga tangu mchana mpaka yanageuka meusi, na muuzaji huongeza mapya juu ya ya zamani.

Mara mbili nilijaribu kujipikia nikaacha. Nilidhani ni uvivu, kumbe nilikuwa naanza kupika nikiwa tayari na njaa. Saa mbili na nusu usiku, makaa hayajashika, kitunguu hakijamenywa, na chipsi ziko hatua chache kutoka mlangoni. Nani angesubiri?

Aliyenitoa huko ni jirani yangu, Hajati wa Kinubi kutoka Bombo. Nilimweleza shida yangu, akaniambia, "Mwanangu, chakula cha Jumanne unakipika Jumapili."

Basi Jumamosi usiku nachambua kilo moja ya maharage na kuyaloweka. Asubuhi namwaga maji yale, natia mapya, nayaacha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Hapo usifanye haraka, hasa kwa maharage mekundu: yasipoiva sawasawa yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Baada ya hapo yanatokota taratibu mpaka yabonyee kwa vidole. Ya siku mbili tatu nayaweka kwenye friji, mengine nayagandisha. Kama huna friji, pika kidogo kidogo, ya siku moja tu. Nikirudi jioni, kazi iliyobaki ni kuunga kwa kitunguu na nyanya, robo saa hivi, na pembeni maji ya posho, yaani ugali, yanachemka.

Maharage yalipozoeleka, Hajati alinifundisha mchuzi wa karanga, ule ambao Waganda huuita binyebwa. Mara ya kwanza nilimwaga unga wa karanga kwenye maji yanayochemka, ukafanya mabonge hata mwiko haukuyavunja. Alinionyesha: vuruga unga kwa maji baridi kwanza, uwe kama uji mwepesi, ndipo uweke jikoni kwa moto mdogo. Usifunike, maana unafurika ghafla kama maziwa. Koroga mara kwa mara hadi chini ya sufuria. Baada ya nusu saa au zaidi harufu ya ubichi inakwisha, mchuzi unakuwa mzito, na vidoti vya mafuta vinaanza kuelea juu. Vidoti hivyo ndivyo saa yako. Kabla yake, hata ukiuonja ukaona mtamu, subiri.

Karanga zenyewe nunua nzima, uzichague, kisha uzisagishe sokoni ukiwa umesimama pale pale. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupe bila huruma. Zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Unga uliokwisha kusagwa haukuambii ulitoka kwenye karanga gani.

Mboga ni nyepesi kuliko vyote. Dodo, yaani mchicha, unaoshwa, unakatwa, unatiwa kwenye kitunguu na chumvi kidogo, dakika chache umeiva.

Ukitaka kuanza wiki hii, shika maharage peke yake kwa mwezi mzima. Usinunue seti ya sufuria wala viungo vya rafu nzima. Mimi nilianza na sufuria moja, mwiko na sigiri (jiko la makaa) niliyoazima kwa Hajati, na matoke ya kufunga kwenye majani ya mgomba ndiyo kwanza najifunza sasa.