Daftari Kwanza, Kasi Baadaye: Kwa Wanaotaka Kuingia Rali

Kijana akinifuata gereji na kuniambia anataka kuwa dereva wa rali, swali lake la kwanza huwa anunue gari gani. Mimi humuuliza ana daftari gani. Nimekalia kiti cha mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, misimu 12, zaidi kwenye ubingwa wa kitaifa hapa Kenya na mara chache kwenye Rali ya Safari yenyewe, na kwa niliyoyaona naamini dereva wa rali hutengenezwa kabla mashindano hayajaanza: yuko kwenye gari la kawaida, anaenda polepole, yeye anasema na mwenzake anaandika.

Dereva wa mbio za uwanjani huipita kona ileile mara nyingi mpaka mwili wake unaijua. Wewe wa rali huruhusiwa kuukagua mkondo, yaani kipande cha njia mnachoshindania muda, kwa kawaida mara mbili tu, tena kwa kasi iliyowekewa kikomo. Baada ya hapo unatakiwa ukimbie kwa nguvu zako zote kuelekea mahali usipopaona. Kinachokuonyesha njia ni sauti ya mtu aliye kando yako, naye anasoma maneno uliyomwambia wewe mwenyewe.

Kwa hiyo jifunze kusema njia. Wengi hupima kona kwa namba, 1 ikiwa kali kabisa na 6 ikiwa ya kupita bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Wengine hugeuza, na hakuna ubaya, mradi nyote wawili mna kipimo kimoja. Noti zetu, yaani maelezo ya njia daftarini, zilikuwa hivi: "Kulia 4, mia moja, kushoto 3 inafunga, jiwe ndani, usikate." Mia moja ni mita. Inafunga maana yake kona inazidi kubana kadiri unavyoingia. Usikate ni onyo kwamba ukiegemea ndani utaacha gurudumu hapo. Tumieni lugha ambayo mguu wako unaielewa kabla kichwa hakijaitafsiri. Nimeona madereva wakilazimisha Kiingereza kwa kudhani ndiyo lugha ya rali, kumbe kila neno linawachelewesha.

Nitawaeleza kosa langu ili msilirudie. Katika ukaguzi mmoja, mzunguko wa kwanza, dereva wangu alisema, "Kushoto 5 ndefu, inafunga." Nilikuwa nafungua chupa ya maji. Nikaandika "kushoto 5 ndefu" nikaishia hapo. Mzunguko wa pili nilikuwa nimechoka, nikawa nafuata kwa macho bila kusoma kwa sauti, naye akadhani kimya changu ni ishara kwamba yote yako sawa. Siku ya mashindano niliisoma vilevile nilivyoiandika. Aliniamini, akaingia mguu ukiwa chini. Katikati ya kona njia ikabana, gari likatupwa nje, gurudumu la mbele kulia likagonga jiwe na kulala upande. Tulibaki kwenye nyasi, vumbi letu wenyewe likatufikia na kutupita. Hakunigombeza. Jioni aliniomba nimsomee ukurasa ule, nikausoma, tukanyamaza wote wawili. Tangu siku hiyo mzunguko wa pili nausoma wote kwa sauti, hata njia iwe nyoofu namna gani, na dereva anajibu kila noti.

Mkianguka, kuna kazi ya kufanya mara moja, na muifanyie mazoezi mkiwa wazima. Pembetatu nyekundu huwekwa angalau mita 50 nyuma ya gari, upande magari yanakotokea. Kama hakuna aliyeumia, waonyesheni wanaokuja kibao cha OK. Kama mtu anahitaji daktari, onyesheni cha SOS chenye rangi nyekundu, na anayekiona analazimika kusimama. Nawasihi mjue kibao kiko wapi hata gizani. Nimewahi kumwona mtu akikitafuta mikono ikimtetemeka huku magari yakizidi kuja.

Safari ina ugumu wake. Tangu ilipoanza mwaka 1953 sifa yake imekuwa ni kuvunja magari, na iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huku Naivasha ikiwa kitovu chake, haikuwa imelainika. Kule Kedong, karibu na Naivasha, kuna fesh-fesh, vumbi laini kama unga linaloficha mawe na mifereji. Ndiyo maana magari huwekewa bomba la hewa linalopanda hadi juu kando ya kioo cha mbele, injini isije ikameza vumbi au maji. Mvua ikinyesha, njia uliyoiandika Jumanne, ikifika Ijumaa haipo tena. Andika basi na aina ya udongo: "mchanga", "laini", "mfereji kushoto". Noti inayosema kona tu bila kusema ardhi haitoshi kule.

Halafu jifunze kufika. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kigari chenye injini ya cc 660 tu. Colin McRae, dereva kutoka Uskoti, alikiendesha kwa kasi iliyowashangaza watu, lakini hakikufika mwisho. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu aliyekuwa na Vivio kama hiyo, alishinda daraja lake na kumaliza wa 12 kwa jumla. McRae alikuja kuishinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002, kwa hiyo simdharau hata kidogo. Ila anayeanza, na asiye na kiwanda nyuma yake, aanze kwa kumwiga Njiru. Kila mkondo unaoumaliza ni kilomita za kujifunza. Gari lililovunjika mkondo wa pili halikufundishi chochote, na bado deni la vipuri lipo.

Mwelekezi naye ana uwezo wa kukupotezea rali bila gari kuguswa. Ukichelewa kwenye kituo cha muda, mahali mnapotakiwa kufika kwa dakika mliyopangiwa, unaadhibiwa sekunde 10 kwa kila dakika, na ukiwahi unaadhibiwa dakika nzima kwa kila dakika. Ndiyo, kuwahi kuna adhabu kubwa zaidi. Mwaka 1973 madereva Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza Safari wakiwa sawa kabisa kwa adhabu, ikabidi kanuni za kuvunja sare ndizo zimpe Mehta ushindi. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mara zote hizo aliyekuwa kando yake ni Mike Doughty. Naomba usibadilishe mwelekezi kila mnapopata matokeo mabaya. Sauti huzoeleka polepole.

Kuhusu gari, shika spana mwenyewe. Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Kati ya mkondo na mkondo fundi wako hayupo; mko wawili na kile mlichobeba. Badilisheni tairi nyumbani mkiwa mmevaa kofia na ovaroli, mkijipima kwa saa.

Fedha zitakusumbua kuliko kona. Mdhamini mpelekee taarifa baada ya kila shindano, hata pale uliposhindwa, na usimwahidi ushindi. Gari la kwanza liwe dogo na vipuri vyake viwe vinapatikana kwa urahisi.

Pa kuanzia ni kwenye klabu iliyo chini ya shirikisho la michezo ya magari, na kwenye autokrosi, mbio fupi za magari kwenye njia ya udongo, ambapo kosa halina gharama kubwa. Jitolee pia kuwa msimamizi wa njia kwenye rali moja. Ukisimama kwenye kona kutwa nzima utaona nani anafunga breki mapema na nani anachelewa, na vumbi linakaa muda gani hewani baada ya gari kupita.

Na wiki hii, kabla hujanunua chochote, mchukue mwenzako mtafute kilomita tano za murram zisizo na watu wengi. Endesha kwa 40 kwa saa, sema, yeye aandike. Kesho yake rudini kwa mwendo uleule, asome, na kila mahali utakaposhtuka kwa kuona kitu ambacho hukuambiwa, simameni mkitie alama. Tumieni penseli. Kalamu ya wino hukwama vumbi likiingia, na mtakuwa na mengi ya kufuta.