Uliza Mwalimu: Muuaji wangu hatishi tena

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya ya kutisha. Hapa mjini kwetu kuna muuaji anayefuata mihuri saba ya Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia. Farasi wanne wa mihuri minne ya kwanza nimewageuza bodaboda: nyeupe, nyekundu, nyeusi na ya kijivu. Kila moja ikipita usiku kando ya Mto Ngerengere, asubuhi panaokotwa maiti. Nimemaliza mauaji ya nne na wenzangu wanasema hawaogopi tena. Niongeze damu?
M.K., Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze hata tone. Bodaboda zako nimezipenda, hasa ile ya kijivu inayopita bila mlio. Tatizo ni kwamba msomaji ameshaijua hesabu: mihuri saba, maiti saba. Baada ya wa nne anamngoja wa tano kama mtu aliyekaa kituoni akingoja basi.

Irudie sura ya sita ya Ufunuo, uisome kwa sauti. Wapanda farasi wote wanne wanapita ndani ya mistari minane tu. Muhuri wa tano hauna farasi. Yohana, mwandishi wa Ufunuo, anaziona chini ya madhabahu roho za waliochinjwa, zinalia, zinauliza hata lini damu yao italipizwa. Zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zistarehe kidogo, mpaka itimie hesabu ya wajoli wao, yaani watumishi wenzao, watakaouawa kama wao. Hesabu yenyewe haitajwi! Muuaji wako akiupokea mstari huo kama amri aliyopewa yeye, ile saba imevunjika, na Morogoro nzima hakuna ajuaye atakoma lini. Wale wanne waliokwisha kuuawa nao waanze kuonekana kwenye mazoezi ya kwaya, wamevaa nguo nyeupe, wakiuliza swali hilo moja.

Muuaji wako, huyo nabii wa mihuri, ametulia mno. Soma habari za Kanungu, Uganda. Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lilihubiri kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Waumini waliuza mali zao. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza, na wengine wakaanza kudai vyao. Tarehe 17 Machi mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa, milango na madirisha yamepigiliwa misumari. Baadaye polisi wakafukua maiti nyingine nyingi katika maeneo ya kundi hilo. Marehemu wale wana ndugu walio hai, kwa hiyo usiwafanye pambo la hadithi. Jifunze jambo moja tu: nabii ni wa kuogopwa zaidi siku ile unabii wake unapokwama na watu wanamtazama usoni. Siku hiyo riwaya yako haina. Iandike.

Kuhusu shetani, usimlete mapema. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anailaza maiti mzimuni, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, anatafuta mkono wa binadamu. Inspekta wako anayemsaka muuaji naye aanzie hapo: nani alikuwa wapi, nani alimdai nani. Kitakachobaki bila jibu ndicho cha shetani.

Na muhuri wa saba usiue mtu. Sura ya nane inasema kulikuwa kimya mbinguni kama nusu saa. Mfungie Inspekta kanisani pamoja na waumini, muuaji akiwa miongoni mwao, uiandike nusu saa hiyo dakika kwa dakika. Sura ya muhuri wa tano ikiwa tayari, nitumie kabla hujawaonyesha wenzako.