Nakala za ramani za kale za Barbados ukutani: uchague ipi, uitundikeje

Ndugu uliyeuliza, umesema mkeo ni mzaliwa wa Barbados, kisiwa cha Karibi, kwamba mnataka kupamba sebule na chumba cha mtoto kwa nakala za ramani za kale za kisiwa hicho, na kwamba hujui uchague ipi wala uichapishe kwa ukubwa gani. Mume wangu naye anatoka huko, na ramani hizo zimekaa kwenye kuta zetu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kutokana na niliyoyaona. Anza kwa kuisoma ramani yenyewe, ndipo ufikirie rangi ya ukuta na ya makochi, kwa sababu ramani hizi zilichorwa kwa manufaa ya wenye mashamba ya miwa, na utakachokitundika ndicho wageni wako watakachokisoma.

Ile inayouzwa zaidi ni ya Mwingereza Richard Ligon, iliyotoka ndani ya kitabu chake kuhusu kisiwa hicho mwaka 1657, miaka 30 baada ya Waingereza kuanza makazi kisiwani. Kwa mbali inapendeza sana, kwani ina ngamia, ambao kweli walitumika huko kubebea sukari, na ina nguruwe wanaozurura. Ukiisogelea utamwona pia mpanda farasi akiwafukuza watu weusi wanaotoroka utumwani. Majina ya wenye mashamba yamesongamana pwani, na sehemu iliyobaki wazi imeandikwa kuwa ni ekari 10,000 za wafanyabiashara wa London. Ninayo ramani hii na ninaithamini, lakini naona ni kosa kubwa kuichapisha kwenye mito ya makochi na mikeka ya mezani, kama yanavyofanya baadhi ya maduka, kwa kuwa watu wanaokimbia kuokoa maisha yao hawafai kuwa urembo wa kuwekea sahani.

Ramani ya Richard Ford ya miaka ya 1670 ni ya wapenda udadisi. Ford alikuwa wa dhehebu la Quaker, Wakristo wanaopinga vita na waliojitenga na kanisa rasmi la Uingereza, na katika ramani yake aliacha kuonyesha makanisa na ngome, akajaza mashamba na majina ya wenyewe.

Kwa sebule, mimi ningekushauri uchukue ya William Mayo ya mwaka 1722, iliyotokana na upimaji wa ardhi uliofanywa kuanzia 1717 hadi 1721. Ni kubwa, michoro yake ni safi, parokia zote 11, yaani wilaya za kisiwa, zimo, na vinu vya upepo vya kukamulia miwa vimetapakaa kisiwa kizima kiasi kwamba hata asiyejua kusoma herufi za zamani ataelewa uchumi wa mahali pale. Vijiji vingi vya Barbados hadi leo vina majina ya mashamba yale, na ndiyo maana mama mkwe wangu akitutembelea huvuta kiti karibu na ukuta na kuanza kuonyesha kwa kidole wapi walizaliwa akina nani. Pembeni ramani hiyo ina picha ya Chuo cha Codrington. Usiichukulie kuwa pambo tu. Mashamba yaliyokigharamia chuo hicho yalirithishwa kwa jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, na watu waliotumikishwa humo walipigwa chapa ya moto kifuani yenye neno SOCIETY, yaani “Jumuiya”. Mimi nimebandika chini ya fremu kikaratasi chenye mistari michache ya maelezo hayo, na wageni hukisoma.

Usinunue faili kwa mtu yeyote kabla ya kuangalia Maktaba ya Bunge la Marekani na Maktaba ya John Carter Brown katika mji wa Providence, pia Marekani, ambazo huweka mtandaoni picha za ramani za kale bila malipo. Tazama idadi ya pikseli: faili yenye upana wa pikseli 9,000, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, itatoa karatasi ya inchi 30, yaani sentimita 76 hivi, na kwa nukta 200 itafika sentimita 114 bila kuharibika machoni pa mtu aliyesimama hatua moja mbali. Ya Mayo isipungue mita moja, la sivyo majina hayasomeki. Ya Ligon ilikuwa ya kukunjwa kitabuni, basi iache iwe ndogo.

Chagua karatasi ya pamba isiyo na asidi na wino wa pigmenti, na umkataze mchapaji kuongeza rangi ya kahawia ili ionekane kuukuu, kwani inafifisha mistari myembamba iliyochongwa kwenye bamba la shaba. Karatasi isigusane na kioo, kwa sababu unyevu ukiingia itanata. Ukingo wa kadibodi unatosha kuitenga. Ukuta unaopigwa na jua uuepuke, au ulipie kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno. Katikati ya fremu iwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni.

Katika chumba cha mtoto, kuza kipande cha Mayo chenye parokia ya bibi yake. Ya Ligon iwekeni sebuleni, ambako akiuliza habari za yule mpanda farasi mtakuwepo wazazi kumjibu.